Tusome maji kabla ya simu

Katika hori la Mida, Watamu, programu kama Merlin na eBird zimewafaa vijana waongozao wageni: jina la ndege hupatikana upesi, na orodha zao huwafikia watafiti. Hilo ni jema. Lakini simu haimwambii kijana kwamba maji yakijaa, vitwitwi na ndege walao kaa hujikusanya mahali padogo kupumzika. Anayewasogelea apate picha huwarusha, na kila mruko hula mafuta waliyojiwekea mwilini kwa safari ya kaskazini. Wakipakimbia, mgeni naye atafuata nini? Tuyasome maji kwanza, tutazame kwa utulivu, kisha ndipo tufungue simu tuandike. Ufuo huu ni amana, na ni riziki yetu.