Neno la Mhariri: Ruta Nayo Ipewe Usingizi

Ruta inayovuta wati 8, ikiachwa imewashwa usiku na mchana kama ilivyo desturi yetu, humaliza uniti 5.76 kwa mwezi wa siku 30. Katika nyumba yenye friji, pasi na hita ya maji ya kuoga, uniti hizo hazionekani. Lakini kwa mteja wa Kenya aliye katika kundi la chini kabisa la bei, ambalo tangu Aprili 2023 ukomo wake ni uniti 30 kwa mwezi, kifaa hicho peke yake kinachukua karibu moja ya tano ya alichonacho kabla hata hajawasha taa. Kwa Mtanzania wa kundi la D1, mwenye uniti 75 za bei nafuu, ni kiasi cha uniti moja katika kila 13. Akivuka mstari, uniti inayofuata anainunua kwa bei ya juu.

Kinachouma zaidi ni saa ambazo umeme huo unaliwa. Watu wamelala, au wamekwenda kazini na shuleni, hakuna anayefungua ukurasa wala kupakua chochote, na ruta inaendelea kuvuta karibu kiasi kilekile inachovuta jioni nyumba nzima ikiwa mtandaoni. Tofauti kati ya ruta yenye kazi nyingi na isiyo na kazi kabisa kwa kawaida ni ndogo mno.

Toleo hili tumelitoa lote kwa ruta, malango ya mtandao na vifaa wenzao visivyozimwa, na hasa kwa namna ya kuvipumzisha visipokuwa na kazi. Hoja yetu ni moja. Teknolojia ya kuvilaza ipo, na baadhi yake ina zaidi ya miaka 20. Imebaki kwenye makaratasi kwa sababu waliobuni mitandao walichukulia kwamba kifaa kilichochomekwa ukutani hakina haja ya kubana matumizi. Kwetu dhana hiyo haina mashiko, na sisi tunaoishi na LUKU, tokeni na mgao ndio wenye sababu ya kwanza ya kuikataa.

Tuangalie kwanza kwa nini ruta isiyo na kazi haipumziki. Chukua waya wa Ethaneti wa kasi ya gigabiti moja unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta. Hata pasipokuwa na data ya kupita, chipu za pande zote mbili huendelea kutumiana alama za kujazia nafasi, mfululizo bila kukoma, ili saa zao zisiachane. Upande wa waifai mambo ni hayohayo. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kutangaza jina la mtandao kila baada ya milisekunde 102.4, yaani karibu mara 10 kwa sekunde. Ukiwa na jina la nyumbani na jina la wageni, yote mawili kwenye masafa ya 2.4 na 5 GHz, matangazo yanakuwa karibu 40 kila sekunde, usiku kucha, hata kama hakuna simu yoyote inayosikiliza. Ongeza hapo kichakato kinachozunguka kwa kasi yake ya juu, milango ya waya iliyo tayari ingawa haijachomekwa kitu, na adapta inayopoteza sehemu ya umeme kuwa joto. Ukiweka kiganja juu ya ruta alfajiri utalihisi joto hilo.

Sasa tazama simu iliyo karibu na ruta hiyohiyo. Simu imelala na bado inapatikana. Modemu yake ya 4G huzima kipokezi, kisha hukiwasha kwa kitambo kidogo kusikiliza kama mnara unaiita, halafu hulala tena. Kipindi kati ya kusikiliza na kusikiliza kinaweza kufika sekunde 2.56, na anayepiga hahisi chochote. Kwenye waifai nako simu na kompyuta mpakato zimeruhusiwa kulala tangu kiwango cha kwanza cha 802.11 cha mwaka 1997: kifaa kinaiarifu ruta kwamba kinapumzika, ruta inamtunzia mwenzake pakiti zake, kisha inatangaza kwamba kuna mzigo unasubiri. Wahandisi walilitatua tatizo la kulala huku ukipatikana, na walilitatua vizuri. Ila usingizi waliugawa kwa wenye betri peke yao. Ruta ilipewa kazi ya kukesha kwa niaba ya wengine, kwa kuwa ilidhaniwa ukutani umeme hauishi.

Wapo waliolishtukia hilo mapema. Mwaka 2003, katika mkutano wa SIGCOMM uliofanyika Karlsruhe, Ujerumani, Maruti Gupta na Suresh Singh waliwasilisha andiko lililouliza kwa nini vifaa vya intaneti visilazwe pasipokuwa na msongamano. Baada yao Ken Christensen na Bruce Nordman walisukuma wazo la kupunguza nguvu kwenye waya wa Ethaneti, na juhudi za namna hiyo zikazaa kiwango cha 802.3az, kilichopitishwa na IEEE mwaka 2010. Kwa kiwango hicho chipu mbili za waya husika zinakubaliana kunyamaza, zikishtuana mara mojamoja ili zisipoteane. Pakiti ikija, waya wa gigabiti moja huamka ndani ya maikrosekunde 16.5. Ndani ya sekunde moja muda kama huo unaingia zaidi ya mara 60,000. Hakuna sikio wala jicho la binadamu linaloweza kugundua ucheleweshaji huo.

Laini za simu za shaba zilitangulia. Kiwango cha ADSL2 cha mwaka 2002 kiliweka hali ya kupunguza nguvu pale mteja anapokuwa kimya. Haikutumika sana, kwa sababu nguvu inayopanda na kushuka kwenye laini moja hubadilisha kelele inayovuja kwenye laini za jirani ndani ya kebo moja, na laini hizo zinaweza kukatika. Tunautaja mfano huu kwa heshima ya waliokataa: walikuwa na sababu ya kiufundi. Lakini faiba haina tatizo hilo. Viwango vya faiba ya majumbani vina hali za kuzima kisambazaji cha mwanga, au kuzima kisambazaji na kipokezi vyote kwa vipindi, na bado ni nadra mteja kuambiwa kama kifaa alichofungiwa kinaweza kufanya hivyo.

Turudi kwenye ile dhana ya ukutani. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ruta siku hizi inakaa nyuma ya UPS ndogo, kile kiboksi cheusi kinachoshikilia mtandao umeme ukikatika. Kiboksi chenye maandishi ya mAh 8,800 huonekana kikubwa, lakini namba hiyo kwa kawaida ni ya seli za volti 3.7, si ya volti 12 zinazoingia kwenye ruta. Nishati iliyomo ni kama wati-saa 32, na baada ya hasara ya kupandisha volti tuseme zimebaki 28. Ruta ya wati 8 itaimaliza kwa saa tatu na nusu. Ruta hiyo ikiweza kushuka hadi wati 4 nyumba ikiwa imetulia, betri ileile inafika saa saba. Umeme ukikatika saa nne usiku, hiyo ndiyo tofauti kati ya mtandao unaokufa kabla ya saa nane na ule unaofika karibu na alfajiri.

Mbali na miji hesabu ni nzito zaidi. Shule au zahanati inayopata mtandao kupitia mlingoti wa sola wenye betri moja ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni betri ya asidi, fundi mwangalifu hatumii zaidi ya nusu, asije akaiua kabla ya wakati wake. Vifaa vya wati 25 vitamaliza hizo wati-saa 600 kwa siku moja tu ya mawingu. Vikishuka wastani wa wati 15, vinavuka saa 40. Hapo wati 10 zilizookolewa zimenunua usiku wa pili bila kuongeza paneli wala betri.

Wapo mafundi wanaopinga, na hoja zao si za kubeza. Wanasema wameona waya ukikatika-katika kwa sababu chipu ya upande mmoja haielewani na ya upande wa pili juu ya kulala, kwa hiyo jambo la kwanza wanalofanya ni kuzima kipengele hicho. Wanasema kamera za ulinzi na kengele za wizi haziwezi kungoja ruta iamke. Wanasema mteja akipata ucheleweshaji hata wa nusu sekunde atawapigia simu wao, si kiwanda.

Jibu letu ni kwamba kulala kuna ngazi, na hakuna anayedai ruta izimike. Ngazi ya kwanza ni kunyamazisha milango ya waya isiyotumika na kushusha kasi ya kichakato. Ya pili ni kuzima antena tatu kati ya nne na kubaki na moja inayosikiliza. Ya tatu ni kuzima masafa ya 5 GHz usiku na kuacha ya 2.4, ambayo yanatosha kabisa kwa kengele na kamera ya kawaida. Ya nne ni kufunga jina la wageni pasipokuwa na mgeni. Katika ngazi zote hizo mtandao upo hewani. Na chipu isiyoelewana na mwenzake ni kasoro ya kurekebishwa kwa sasisho la programu. Kuizima na kusahau kunamfanya mteja alipie kasoro ya mtengenezaji maisha yote ya kifaa.

Tusijidanganye pia kuhusu ukubwa wa akiba. Wati 3 zikiokolewa katika ruta milioni moja ni megawati 3, lakini nyingi zitapatikana usiku wa manane, gridi ikiwa haijalemewa. Ruta kulala hakutaondoa mgao. Faida iko kwa anayelipa uniti, kwa betri ya nyumbani na kwa mlingoti wa kijijini, na kwetu hiyo inatosha kabisa.

Kama faida iko wazi hivyo, kwa nini haijafanyika? Mwendesha bodaboda anayesubiri abiria kijiweni huzima injini, kwa kuwa mafuta ni yake. Ruta nyingi za majumbani huchaguliwa na kampuni ya mtandao, ambayo huangalia bei ya kifaa na kasi yake, kisha umeme wa miaka mitano ijayo unalipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Aliyechagua halipi, na anayelipa hakuchagua. Hapo soko peke yake halitatusaidia.

Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo. Kwa kanuni yake namba 801 ya mwaka 2013, ruta na vifaa vya aina yake vikiwa vimetulia viliwekewa ukomo wa wati 12 kuanzia 2015, kisha wati 8 kuanzia 2017. Kwetu mlango wa kuingilia upo tayari. TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Tunaziomba ziongeze mstari mmoja kwenye fomu: kifaa hiki kinavuta wati ngapi kikiwa hakina kazi, na je, hali ya kupumzika imewashwa kinapotoka kwenye boksi? Kenya tayari ina lebo za nishati kwa friji na viyoyozi. Ruta haizimwi mwaka mzima, nayo inastahili lebo.

Makala za toleo hili zinafuata mpangilio huohuo wa hoja. Zinaanza na maelezo ya namna waya na waifai zinavyolala, zinaendelea na mwongozo wa mafundi wa kupima na kupanga vifaa, hasa vya mlingoti wa sola, kisha zinafunga na mjadala wa kanuni na manunuzi. Tumezichagua ili fundi, mnunuzi wa ofisi na mwenye nyumba kila mmoja apate la kufanya.

Kwa mwenye nyumba la kufanya ni hili. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako na utafute ratiba ya waifai, hali ya kubana umeme na jina la wageni. Usitegemee maandishi ya adapta: volti 12 na ampea 1.5 ni ukomo wa wati 18, siyo matumizi halisi. Pima kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani, mara moja watu wote wakiwa mtandaoni na mara moja nyumba ikiwa imetulia. Na kwa yeyote anayeandika zabuni ya ruta za shule, benki, halmashauri au kampuni ya mtandao, ombi letu ni kwamba aandike ukomo wa wati za kifaa kisicho na kazi kando ya kasi na bei, na muuzaji asiyeweza kuutaja asipewe kazi.