Kimbunga hakiulizi kitambulisho



Mnakumbuka Desemba 2024? Zile video za Mayotte, mlima mzima wa nyumba za mabati umelala chini kama shamba la mahindi baada ya mvua ya mawe. Wengi wetu tulizishea. Tukaandika innalillahi, tukaweka WhatsApp, masaa 24 yakaisha, ikapotea. Mimi pia nilifanya hivyo, simlaumu mtu. Lakini leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho zile video hazikuonyesha.

Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte Jumamosi tarehe 14 Desemba, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mayotte ni kati ya visiwa vya Komoro, ila inatawaliwa na Ufaransa. Karibu watu wote huko ni Waislamu, na lugha yao, Shimaore, ni ndugu ya Kiswahili chetu. Onyo lilitolewa mapema. Shule na majengo ya umma yalifunguliwa watu wajihifadhi. Na bado kuna waliobaki ndani ya mabati yao.

Kwa nini? Hawakuwa na karatasi. Wengi walitoka visiwa jirani vya Komoro, na kila siku wanakwepa polisi wa uhamiaji. Walipoambiwa "njooni hapa mtakuwa salama," kuna waliofikiri ni mtego.

Hebu simama hapo kidogo. Mama ana watoto, upepo unakuja, mlango wa shule uko wazi, na yeye anaogopa ule mlango kuliko kimbunga.

Hata hesabu ya waliokufa ikawa shida. Idadi rasmi ilikuwa watu wapatao 40, ilhali siku za kwanza wakuu wenyewe walihofia mamia au hata maelfu. Ukizika haraka kama dini inavyotaka, na unaogopa ofisi, nani atakuandika? Halafu Januari 2025 ikaja amri: kununua mabati ya kujenga upya, lete kitambulisho na hati ya makazi. Yaani yule yule aliyeogopa kuingia shuleni akawa hawezi hata kununua bati la kufunika watoto.

Ndiyo maana nasema msaada wa dharura hauanzi siku ya kimbunga. Unaanza miezi mingi kabla, pale mtu anapojua ni nani anaweza kumwamini akiambiwa "toka, twende." Helikopta haina kazi hiyo. Ni kazi ya kijana wa mtaa anayejulikana kwa jina.

Najua kuna mwenye anasema, "Bana, sisi tuko Buyangu. Hapa ni msitu na chai, bahari iko wapi?" Sawa. Nenda kasimame kando ya Isiukhu siku mvua imenyesha. Maji hayo yanaingia Nzoia, na Nzoia inaishia Budalang'i. Mvua zinazonyesha kwetu juu ndizo zinazomfukuza mtu nyumbani kwake kule chini.

Mvua za 2024 zilipozidi, kikundi chetu kilikusanya nguo. Magunia saba. Tukakodi matatu, tukaimba njia nzima, tukajiona mashujaa. Kufika kambini tukakuta nguo zimerundikwa hadi zingine zinalowa nje, hakuna anayeziangalia. Nyanya mmoja akatuambia kwa upole, "Wajukuu wangu, asanteni. Lakini nguo tunazo. Sufuria zilienda na maji." Hawakuwa na ndoo safi, dawa ya maji, turubai wala pedi za wasichana. Tulikuwa na simu wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kuuliza kabla ya kuja. Nauli ya ile matatu ingenunua sufuria ngapi? Bado hilo swali linanisumbua.

Kwa hivyo, ukitaka kujitolea, iwe ni kwa Budalang'i au kwa ndugu zetu wa visiwani, naomba tushikane hapa.

Kwanza, jifunze mapema. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha watu wa kujitolea huduma ya kwanza. Moyo mzuri bila ujuzi unaweza kumvunja mtu mgongo ukimbeba vibaya.

Pili, wajue majirani zako. Nani mzee na anaishi peke yake? Nani ana mtoto asiyetembea? Nani hana kitambulisho na hukwepa baraza la chifu? Hao ndio watakaoachwa nyuma. Na ukishawajua, siri yao ikae kwako. Jina la mtu asiye na karatasi si la kuzungushwa kwa group.

Tatu, uliza kabla ya kukusanya. Piga simu kwa mtu aliye pale pale. Akisema sufuria, ni sufuria.

Nne, kwa walio mbali tuma pesa, wacha mizigo. Baada ya Chido hata uwanja wa ndege wa Mayotte uliharibika na ndege za abiria zikasimama. Gunia lako la nguo lingepita wapi? Ila pesa za watu ni amana. Chunguza unayemtumia, toa hesabu hadharani, weka risiti, hata kama ni shilingi 50.

Tano, wacha sura za watu. Mtu aliyepoteza nyumba hajakupa ruhusa ya kumfanya tangazo. Na ukigawa, mpe aliye na shida, awe anaswali na wewe au haswali.

Wala tusidhani vimbunga ni vya watu wengine. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa mashamba ya karafuu. Aprili 2019 Kenneth ilipita Komoro ikaenda kuangusha nyumba za kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika hadi Mafia, Tanzania, ikiwa imepungua nguvu, alhamdulillahi. Haya ni mwambao wetu, ni watu wetu.

Dua tuendelee kuomba, hiyo si ya kuacha. Lakini usiku wa leo kabla hujalala, hesabu majirani watano ambao wangekufungulia mlango saa nane usiku ukiwaambia maji yanakuja. Kama huwapati watano, basi kesho asubuhi una kazi ya kufanya. Anza na salamu.