Moshi usioonekana



Juzi nilitembelea ndugu mumoja anayetafuta dhahabu. Nilimukuta jikoni, kikaango juu ya mbabula, ndani yake donge jeupe linageuka rangi. Mama alikuwa anatwanga sombe pembeni, mutoto mgongoni. Nikauliza: «Papa, munachomea merkiri hapa?» Akacheka: «Pasta, haina neno. Hata mutoto akiimeza, inatoka tu.»

Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Ni kweli, merkiri, ile vitabu vinaita zebaki, ikimezwa ingali maji, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Lakini ikipata moto inakuwa mvuke, nao hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu sehemu 80 kwa 100 inabaki mwilini. Inaingia mu damu, inafika mu ubongo, na kwa mama mwenye mimba inamufikia mutoto tumboni. Nyingine inashika bati, ukuta, na ile sombe.

Siku hiyo hiyo mutu anaweza kukohoa, kubanwa kifua, kupata homa na baridi. Tunasema ni malaria, tunanunua vidonge! Mukifika dispanseri museme wazi: tulivuta moshi wa merkiri. Anayeuvuta kwa miezi, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, anasahau, anakasirika bure. Na jamaa (nimeliona mara nyingi) inaanza kutafuta mulozi, kumbe mulozi anakaa mu kichupa chini ya kitanda.

Sisemi muache kazi, watoto wanapaswa kula. Lakini musichome ndani ya nyumba hata siku moja. Kitambaa mdomoni hakizuii mvuke. Kuna chombo cha chuma kinachofungwa, kinaitwa retorti: mvuke unapita mu bomba, unapoa, merkiri inarudi kuwa maji na munaitumia tena. Nacho kinatumiwa nje, mbali na watu. Nguo za kazi zisilale mu chumba cha watoto.

Na kile kipimo cha homa cha kioo, kikivunjika usifagie. Toa watoto, fungua madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu, tia mu chupa yenye maji kidogo, funga sana.

Yule ndugu sasa anachomea nje, mbali. Mama amekwisha kunituma mara mbili kwa fundi wa chuma kuuliza bei ya retorti.