Kumchezesha Mtoto na Waliomzidi Umri

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, baba mmoja wa mtaani petu alitufuata barazani akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe ana miaka 12. Kocha wa timu ya vijana walio chini ya miaka 16 amemtaka, na karatasi ile ilikuwa ya idhini ya mzazi. Baba amefurahi, mama amekataa, na kijana mwenyewe usingizi umemruka. "Sheikh," alituambia, "nataka neno moja tu. Nitie saini au nisitie?"

Neno moja hatukuwa nalo. Tulimwomba atuachie karatasi hadi Jumamosi, na leo twawashirikisha wasomaji wetu yale tuliyoyafikiri, kwani baba huyu hayuko peke yake. Jioni ukipita penye viwanja, kuanzia Likoni hadi Kisauni, huenda ukamwona mdogo mmoja katikati ya wakubwa, jezi ikimfika magotini, na watu wa ukingoni wakimshangilia yeye kuliko wote.

Kwanza tuondoe tashwishi. Kumchezesha mdogo na wakubwa si udanganyifu, maadamu cheti chake cha kuzaliwa kinasema kweli na waandaaji wameruhusu. Udanganyifu uliozoeleka katika soka la vijana ni wa upande wa pili, mwenye ndevu kuandikwa mtoto, hata FIFA ikalazimika mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17, kuwapiga wachezaji picha za mifupa ya vifundo vya mikono. Swali letu ni la maslahi ya mtoto.

Katika sira tunasoma kwamba Abdullahi bin Umar alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, aliruhusiwa. Lakini siku ile ile ya Uhud, kama wasimuliavyo waandishi wa sira, Rafi' bin Khadij alikubaliwa ilipoelezwa kuwa ni mpiga mishale hodari. Samura bin Jundub, aliyekuwa amerudishwa, akasema kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakashindanishwa, akamwangusha, naye akakubaliwa. Mpira si vita, wala hatutaki kukivuta kisa hiki kupita kinapofika. Tunachokiona ni kwamba umri ulikuwa mpaka, na aliyeuvuka aliuvuka kwa uwezo uliopimwa mbele ya macho. Hamu ya mtoto na sifa za jamaa zake hazikutosha.

Sasa tuutazame mwili. Wavulana hawakui kwa mwendo mmoja. Wawili wa darasa moja, mmoja sauti imeshavunjika na mabega yamepanuka, mwenziwe bado yu mtoto. Isitoshe, mashindano mengi huhesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba huwekwa kundi moja ilhali wanapishana karibu mwaka mzima. Aghalabu tunayemwita mwenye kipaji ni aliyetangulia kukua tu. Huyo pengine atafaidika kupandishwa, kwa sababu kati ya marika yake hushinda kwa bega na hajifunzi kitu. Uingereza baadhi ya vyuo vya soka vya klabu kubwa vimejaribu kuwapanga vijana kwa kadiri ya ukuaji wa miili yao badala ya umri pekee. Ila mdogo mwembamba mwenye chenga, ukimtia kati ya waliokwisha kupea, hilo ni jambo jingine.

Tunalijua kwa machungu. Mpwa wetu, mwana wa dada yetu, tulimtilia saini sisi wenyewe, babake akiwa kazini Uarabuni. Alikuwa na miaka 12, nahodha wa marika yake, kiungo ambaye kila mpira ulipitia kwake. Kwa wakubwa aliwekwa pembeni na kuambiwa autoe mpira haraka asije akaumizwa. Tulijivuna sana msimu ule. Tulikuwa tukimtaja hata pasipo pahala pake. Kisha akaanza kulalamika maumivu chini ya goti. Kocha akasema ni uvivu, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukamwamini kocha. Daktari alipomwona baada ya miezi alitueleza kuwa mfupa unaokua hapo huvutwa na msuli wa paja kwa kukimbia na kuruka kupita kiasi, na dawa yake kubwa ni kupumzika. Kumbe mtoto alikuwa akifanya mazoezi ya timu zote mbili, kila kocha akimtaka kwake. Aliporudi kwa marika yake alikuwa akipokea mpira na kuutupa kama kaa la moto. Alipofika miaka 15 akaacha kabisa.

Watu hututajia Lamine Yamal, aliyechezea Barcelona ya wakubwa mwaka 2023 akiwa na miaka 15, na mwaka uliofuata akatwaa Kombe la Ulaya na Uhispania siku moja baada ya kutimiza 17. Ni kweli. Lakini Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, aliingizwa ligi kuu ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14, akaitwa Pele mpya, na hakuyafikia aliyotabiriwa. Tena Yamal alilelewa na chuo chenye madaktari na walimu. Kiwanja chetu kina kocha wa kujitolea na ndoo ya maji.

Wako pia wanaosema mtoto akililia wembe mpe. Hakuna aliyesema apewe na watu wazima wasimame kando wakipiga makofi.

Mama wa kijana hakutaja goti. Aliuliza: atarudi saa ngapi, na nani? Vijana wa miaka 15 wana mazungumzo yao na vijiwe vyao baada ya mechi, na swali hili hatukuwa tumelifikiria.

Jumamosi tulikaa na wazazi wote wawili pamoja na kocha. Tulikubaliana kijana abaki katika timu yake, afanye mazoezi na wakubwa mara moja kwa wiki badala ya siku moja ya kwao, na acheze nusu ya kwanza tu katika mechi za kirafiki, pale pale kati anapojua. Akilalamika maumivu, anasimama. Kocha amrudishe mwenyewe kabla ya magharibi. Kwa nusu ya mechi kocha alinung'unika, kisha akakubali. Mama ndiye aliyetia saini kwanza.

Kijana alipoitwa kuelezwa, aliuliza jambo moja tu: huko kwa wakubwa, namba 8 inavaliwa na nani?