Tupa Uchawi: Hofu Isiyomfaa Msafiri wa Baiskeli Ufipa

Imani kwamba Sumbawanga ni mji wa wachawi imeenea Tanzania nzima. Mtumishi akipangiwa kazi Rukwa, mkoa ulimo mji huo, huagwa kwa mzaha uliochanganyika na woga. Mfanyabiashara anayefuata mahindi huko huonywa asigombane na mtu sokoni. Msafiri anayetaka kuvuka uwanda wa Ufipa, nchi ya Wafipa, peke yake kwa baiskeli hupewa onyo zito kuliko yote: asilale nyumbani kwa mtu. Ajifungie gesti, na pasipo na gesti apige hema porini, kuliko kuomba hifadhi kwa Mfipa asiyemjua. Huenda wanaotoa ushauri huo wana nia njema, lakini ushauri wenyewe ni mbaya. Unapotosha maana ya jina la mji, unapuuza historia ya watu wake na, baya zaidi, unamtoa msafiri penye usalama na kumpeleka penye hatari.

Kuhusu jina, jibu wanalo Wafipa wenyewe. Kwa lugha yao, sumba ni tupa, na wanga ni uchawi, neno lililo ndugu na kuwanga kwa Kiswahili cha pwani. Jina la mji, basi, ni amri: tupa uchawi. Wenyeji hueleza kwamba mgeni alitakiwa kuacha ulozi wake nje kabla ya kuingia kukaa na watu. Jina linalokataza jambo limegeuzwa kuwa ushahidi wa jambo hilo hilo. Ni sawa na mtu kuona kibao cha "Usitupe Taka Hapa" kisha akatangaza kwamba amegundua jalala.

Historia inakubaliana na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 harakati iliyojulikana kama Kamchape ilipita katika vijiji vya Ufipa ikiwataka watu wasalimishe dawa na hirizi zao hadharani. Chimbuko lake lilikuwa Mchape, iliyoenea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930. Inaonyesha kwamba imani ya uchawi ilikuwepo, lakini pia inaonyesha jamii iliyotaka kuondokana nayo. Imani hiyo haikuwa ya Ufipa peke yake. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya uchawi mwaka 1928, iliitunga kwa Tanganyika nzima. Ulaya nako, katika karne ya 16 na 17, makumi ya maelfu ya watu waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Hakuna anayemwonya mwendesha baiskeli asilale nyumbani kwa Mjerumani kwa sababu hiyo.

Hoja ya pili ya wenye hofu ni radi. Husimuliwa kwamba Sumbawanga radi hutumwa, humfuata mdeni na kumwacha jirani yake. Radi za Ufipa ni za kweli, na huua. Sababu yake, hata hivyo, iko katika umbo la nchi. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, juu ya uwanda uliobanwa na mabonde mawili ya ufa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, na mashariki Ziwa Rukwa, kwenye mita 800 hivi. Katika masika ya huko, yanayoanza Novemba na kuishia Aprili, hewa yenye unyevunyevu hupanda kuta za uwanda huo, hupoa na kufanya mawingu mazito ya ngurumo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Mkulima aliyesimama na jembe katikati ya shamba tupu ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Radi ikimpiga, haikuhitaji kutumwa na mtu.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na haifai kukwepwa. Mkoa wa Rukwa umeshuhudia ukatili dhidi ya watu wenye ualbino; mwaka 2015 mtoto mdogo alikatwa kiganja cha mkono huko. Uhalifu huo ni aibu ya taifa. Lakini mashambulizi ya aina hiyo yametokea pia Mwanza, Shinyanga, Geita na Kagera, na hakuna aliyeubandika mkoa mmojawapo jina la makao ya wachawi. Mkono wa mtoto yule ulikatwa na panga lililoshikwa na binadamu aliyeamini kwamba kiungo cha mwili huleta utajiri. Kila anayeeneza hadithi za nguvu za giza za Sumbawanga, hata kwa utani, anairutubisha imani iliyolinoa panga hilo.

Sifa halisi ya Wafipa katika maandishi ya waliowachunguza ni nyingine kabisa. Mwaka 1880 msafara wa Joseph Thomson, ambao mnyapara wake alikuwa James Chuma, yule aliyekuwa mwandani wa Livingstone, ulivuka Ufipa, na Thomson akawaeleza wenyeji kuwa watu wa kilimo hasa. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alivutwa sana na utulivu wa vijiji vyao. Mwaka 1989 alichapisha makala nzima iliyojaribu kueleza amani hiyo ilitoka wapi. Ni vigumu kupata ushahidi ulio kinyume zaidi na mzaha wa vijiweni.

Hata simulizi ya asili ya utawala wa Ufipa inahusu wageni. Inasimuliwa kwamba wanawake watatu kutoka mbali walifika Milansi, makao ya chifu Ntatakwa, wakati yeye alikuwa mawindoni. Mkewe akawapa kigoda cha enzi, na hivyo ndivyo ukoo wa Watwa ulivyopata kutawala. Ntatakwa aliporudi hakukuwa na vita. Wageni walichukua utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kale. Jamii inayojieleza chimbuko lake kwa kisa cha mwenyeji na mgeni waliopatana haiwezi kusemwa kuwa haijui kupokea watu.

Kwa msafiri wa baiskeli, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu aliye ndani ya basi anaweza kuvuka Rukwa bila kuzungumza na mkazi hata mmoja. Mwendesha baiskeli hawezi. Kwa siku hutembea kilomita 70 hadi 100, na chini ya hapo penye vilima. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita 220 na ushei. Safari hiyo humlazimu kulala njiani, Laela au kijiji cha jirani. Kutoka Sumbawanga kwenda kaskazini, barabara hupita Chala, Kizi na Kibaoni kabla ya kufika Sitalike na Mpanda, takriban kilomita 240. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilomita 110 hivi. Maji na chakula chote cha safari ndefu hivyo havibebeki kwenye keria. Yeyote aendaye peke yake kwa baiskeli anaishi kwa hisani ya walio kando ya barabara, akubali asikubali.

Hisani hiyo ina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio ulinzi. Msafiri mwenye busara hufika kijijini jua likiwa bado juu. Humwulizia mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji wa kijiji, huonyesha kitambulisho au pasipoti, hueleza atokako na aendako, na jina lake huandikwa katika daftari la wageni. Kisha hukabidhiwa kwa kaya inayofahamika, au huonyeshwa pa kupiga hema karibu na shule au zahanati. Penye parokia, hubisha hodi hapo, kwa kuwa Ukatoliki una mizizi mirefu katika eneo hili tangu Wamisionari wa Afrika walipoanza kazi Karema mwaka 1885. Kuanzia hapo mgeni si mtu asiyejulikana tena. Kijiji kizima kinajua yuko nyumba gani, na mwenye nyumba anajua kwamba ataulizwa asubuhi. Mwizi anaweza kumvizia mtu aliyejificha porini. Ni vigumu kumvizia mgeni wa mwenyekiti.

Huko nje ipo mitandao ya kuunganisha waendesha baiskeli na wenyeji wao. Warm Showers, kwa mfano, ulianzishwa mwaka 1993. Mitandao hiyo humpa mgeni jina na sifa za mwenyeji kabla hawajaonana. Kijiji cha Ufipa humpa uhakika wa aina hiyo hiyo kwa njia ya kale zaidi: mwenyeji anajulikana na majirani zake wote, tangu utoto wake. Anaposikia tairi limepasuka, humtuma mtoto akamwite fundi. Fundi huyo pengine hana kipuri cha baiskeli ya kigeni, kwa kuwa anayoijua ni Phoenix ya rimu kubwa ibebayo magunia, lakini kiraka atatia, spoku atakaza na rimu iliyopinda ataiweka sawa. Jioni ugali wa mahindi au wa ulezi huletwa pamoja na maharage au dagaa wa ziwani, na maji ya kuoga hupashwa moto, kwani usiku wa Juni na Julai uwandani ni wa baridi kali.

Waliowahi kuvuka Afrika kwa njia hiyo wanathibitisha hatari halisi ni zipi. Kazimierz Nowak, Mpolandi, alizunguka bara zima peke yake kati ya mwaka 1931 na 1936, takriban kilomita 40,000, sehemu kubwa kwa baiskeli. Kilichomdhoofisha ni malaria, naye alifariki mwaka 1937, muda mfupi baada ya kurudi kwao. Dervla Murphy wa Ireland alikuwa na umri wa miaka 60 alipoendesha baiskeli peke yake kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992, akipita Uganda na Tanzania. Alimaliza safari yake na kuiandikia kitabu.

Hatari za njia ya Ufipa nazo zinajulikana, na hakuna hata moja inayotoka usiku na kupanda ungo. Lami imeleta malori ya nafaka yaendayo kasi, na mwendesha baiskeli asiye na nguo za kung'aa huonekana kwa kuchelewa. Kutoka Ntendo kushuka Muze, kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, barabara hudondoka mamia ya mita, na breki zilizolika humwua mtu. Kando ya maziwa mbu ni wengi. Katika Hifadhi ya Katavi, ambamo barabara ya Mpanda hupita, kuna tembo, simba na mbung'o. Hapo busara ni kupakia baiskeli kwenye gari. Ngurumo zikianza, msafiri hatakiwi kubaki uwandani wala chini ya mti ulio peke yake. Akimbilie jengo imara, iwe shule, kanisa au nyumba. Hivyo aliyeambiwa aikwepe nyumba ya Mfipa kwa hofu ya radi ameambiwa akae mahali radi inapoua.

Hakuna anayedai kwamba Rukwa, yenye watu zaidi ya milioni 1.5 kwa sensa ya mwaka 2022, haina mwizi wala mlevi. Tahadhari za kawaida zinabaki. Mwanamke aendaye peke yake aombe nyumba yenye mama wa familia, au nyumba ya masista. Baiskeli ilale ndani. Fedha zisihesabiwe mbele ya watu. Tahadhari hizi zinafaa Sumbawanga kama zinavyofaa Moshi au Mombasa, na wala hazidai mtu amdhanie mwenyeji wake kuwa mchawi.

Mgeni naye ana wajibu. Kaya nyingi za Ufipa hula zinacholima, na sahani ya mgeni imetoka kwenye ghala la mwaka mzima. Sukari, sabuni na majani ya chai ni zawadi zinazoeleweka, na mchango wa fedha ukabidhiwe waziwazi kwa mwenye nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; katika msimu wa kulima, mwenye kukaa zaidi na alishike. Usemi mwingine, mgeni njoo mwenyeji apone, hutimia pale tu mgeni anapokuja na moyo safi. Anayelala macho wazi akimshuku aliyemtandikia kitanda amemkosea heshima mwenye nyumba.

Kwa hiyo anayemwelekeza msafiri njia ya Ufipa na amwambie yaliyo kweli. Kagua breki kabla ya mteremko. Lala ndani ya chandarua. Katavi panda gari. Ukifika kijijini, nenda kwa mwenyekiti, sema jina lako, na upokee nyumba utakayoonyeshwa. Jina la Sumbawanga limeshasema la kufanya na hofu iliyobaki: itupe.