Kansa Mbili kwa Mgonjwa Mmoja

Wako wanaodhani kwamba mtu akishapata kansa moja amekwisha kupata fungu lake, nyingine haimjii. Sivyo. Mgonjwa wa kansa ya damu aweza kuota uvimbe wa kansa kwenye mapafu, na kansa hizo zikawa mbili tofauti, kila moja na asili yake na matibabu yake.

Si jambo la kila siku, lakini linajulikana. Iko kansa ya damu iendayo polepole, inayowapata zaidi wazee, ambayo hushambulia chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Kinga ya mgonjwa hudhoofika, na wagonjwa hao hupata kansa ya pili, ikiwemo ya mapafu, zaidi ya wazee wenzao. Kama ni mvutaji wa sigara, hatari huzidi.

Shida tunayoiona sisi wauguzi huanzia kwenye picha ya eksirei. Kinaonekana kivuli, na kila mtu ana jibu lake tayari. Mmoja asema ni TB, maana mgonjwa anakohoa, anakonda na kutoka jasho usiku. Lakini kansa ya damu nayo hukondesha na kutoa jasho usiku! Mwingine asema, "Imeshasambaa," na ndugu wanaanza kufunga virago. Kivuli hicho chaweza kuwa TB, nimonia, fangasi, chembe za kansa ile ile ya damu, au uvimbe mpya kabisa. Picha peke yake haitoshi kutofautisha.

Kwa maoni yetu, mgonjwa wa namna hii asirudishwe nyumbani, wala asianzishiwe dawa za TB za miezi 6 kwa kubahatisha. Makohozi yapimwe kwanza. Yasipoonyesha TB, apewe rufaa akachukuliwe kipande kidogo cha uvimbe kipimwe kwa darubini. Tunajua nauli ya kwenda Bugando au Ocean Road si mchezo, na familia huuza ng'ombe. Lakini uvimbe wa mapafu ukigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa upasuaji, hata kwa baadhi ya wenye kansa ya damu iendayo polepole.

Tena, padre akiitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa, wengine huanza kulia kana kwamba ni msiba. Mpako si wa wanaokata roho tu. Mgonjwa aupokee, na safari ya hospitali iendelee. Abebe vyeti vyote, na picha za zamani pia, ili daktari alinganishe ya mwaka jana na ya leo, aone kama kivuli ni kipya.