Mgonjwa Anapokikataa Chakula Chako



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya ulimi. Si ule wa kusengenya, bali ule wa kuonjea mchuzi.

Kikundi chetu cha kanisa cha kutembelea wagonjwa kilikuwa kikimtembelea mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi kwa dawa za dripu. Alikaa kwa mwanawe. Siku moja tulimkuta mkamwana wake jikoni akilia. Tangu matibabu yaanze, kila akimpelekea mama chakula, mama huonja kijiko kimoja na kuisukuma sahani. "Umetia nini humu, mwanangu? Mbona kina ladha ya chuma?" Majirani walisikia, na maneno hayakukawia. Wengine walisema mama anaogopa kulishwa sumu, wengine kwamba binti hajui kupika.

Nasi hatukuwa bora kuliko majirani. Wiki iliyotangulia tulimpelekea pilau, akaigusa tu na kuiacha. Tulitoka pale tukinong'onezana kwamba mama huyu anadeka. Miongoni mwetu walikuwamo wauguzi wanaoijua sababu, lakini hatukumweleza mtu yeyote pale nyumbani.

Sababu yenyewe ni hii. Ulimini mna vionjio vidogo sana, na chembe hai zake hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi. Dawa nyingi za saratani hushambulia chembe zinazozaliana upesi. Hazibagui, kwa hiyo hupiga uvimbe na kupiga vionjio pia, kama zinavyopiga nywele. Baadhi ya dawa hizo, kama sisiplatini, huacha ladha ya chuma mdomoni. Nyama nyekundu huwa chungu, sukari haisikiki, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa humtapisha mtu aliyekuwa akiipenda. Anayechomwa kwa mionzi kichwani au shingoni hupata shida zaidi, kwa kuwa tezi za mate nazo huumia na mdomo ukakauka.

Hili si jambo dogo. Mgonjwa asipokula hukonda, na akikonda sana daktari huenda akalazimika kuahirisha dozi.

Basi tuliketi na mama na mkamwana wake pamoja. Tulimwomba binti aweke kando kijiko cha chuma na kutumia cha plastiki au cha mti. Kabla ya kula, mama asukutue kwa maji vuguvugu, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha ateme. Chakula kiletwe kikiwa kimepoa, maana cha moto hutoa harufu kali, na kipikwe mbali na alipolala. Nyama ikimshinda, kuna mayai, kunde, maziwa ya mgando, na uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa. Ndimu kidogo huamsha ladha, ila mwenye vidonda mdomoni asipewe, itamchoma. Na chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaanza.

Alianza kwa uji. Ladha ilirudi polepole, wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, na wagonjwa wengine hungoja miezi. Lakini tangu siku ile binti hakulia tena jikoni, kwani alijua mama anaikataa ladha, hamkatai yeye.

Si saratani peke yake. Metronidazole, dawa inayotolewa kwa amiba na kwa maambukizo ya uke, huleta ladha ya chuma inayowafanya watu wengi kuitupa siku ya tatu. Maliza dozi, ladha hiyo itaondoka yenyewe. Captopril, dawa ya shinikizo la damu, nayo huweza kuharibu ladha. Hiyo usiiache kwa uamuzi wako. Mwambie daktari, zipo nyingine.

Mjamzito, hasa katika miezi 3 ya kwanza, hubadilishwa ulimi na homoni. Chai aliyoizoea humchukiza, na vidonge vya madini ya chuma huongeza karaha. Avimeze baada ya chakula, asivifiche chini ya godoro. (Tumevikuta huko, akina mama!)

Wale tuliofikia umri wa kukoma hedhi tunahitaji tahadhari ya namna nyingine. Homoni zikipungua, mate nayo huweza kupungua, ulimi wa baadhi yetu huwaka kama uliopakwa pilipili, na mchuzi huonekana hauna chumvi. Mama huongeza, kisha huongeza tena, na nyumba nzima inakula chumvi ya ulimi wake mmoja. Ni umri uleule ambao shinikizo la damu hutuingia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate. Ukiona watoto wananywa maji sana baada ya chakula, mpe mwingine aonje chungu kabla hujakiongeza. Na kama ulimi una utando mweupe, au kiu haikatiki na unakojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya wapime fangasi na sukari.